Barua Iliyozima Tanuri la Maalem Bushaib

Kwenye kilima cha wafinyanzi pale Asfi, hatuhitaji saa ya ukutani. Tunatazama juu. Moshi ukitoka kwenye tanuri la Maalem Bushaib, basi ni saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake hukimbia kuanua nguo.

"Bushaib! Jana shuka langu lilikuwa jeupe!"

"Na leo?"

"Leo la kijivu!"

"Casablanca watu wanailipia rangi hiyo, dada. Mimi nakupa bure."

Kwetu fundi aliyekomaa huitwa Maalem. Bushaib alikuwa amekomaa hasa. Alikuwa na miaka thelathini na minne kwenye udongo. Alitengeneza sahani na tajini, vile vyungu vya kupikia vyenye mfuniko mrefu kama kofia. Mkewe, Zuhur, aliuza kwenye duka dogo mbele ya karakana. Binti yao, Hasna, alichora maua na nyota kwenye sahani. Mkono wa Hasna haukutetemeka. Ulimi wake pia haukutetemeka.

Mambo yalikuwa mazuri. Hoteli moja ya Agadir ilikuwa imeagiza tajini mia nne. Matanuri yote matatu yalikuwa yanawaka. Na zaidi ya hayo, Hasna alikuwa amepata mchumba. Aliitwa Anwar, mwalimu wa hesabu, kijana mpole mwenye masikio makubwa.

"Masikio makubwa ni mazuri," Zuhur alisema. "Atakusikia ukimwita."

Ijumaa ile watu wa Anwar wangekuja kuposa rasmi. Mama yake Anwar, Lalla Mahjuba, yaani Bibi Mahjuba, alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa kapari, vile vitumba vichungu vinavyotiwa kwenye chumvi. Alikuwa mama mwenye heshima zake. Bushaib na Zuhur walikutana naye mara moja tu, kwenye harusi mjini. Bushaib alimweleza habari za matanuri matatu na oda ya Agadir. Lalla Mahjuba alifurahi. Lakini alikuwa hajafika kwao.

Jumatatu, mtu wa posta alipanda kilima na pikipiki yake. Alileta barua. Hasna aliifungua akaisoma kwa sauti.

"Kutoka Tawi la Benki Kuu, Asfi. Kwa Maalem Bushaib. Tunakualika kwenye kikao siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ili utueleze hali ya shughuli yako."

Bushaib aliacha gurudumu lizunguke lenyewe. Chungu kilichokuwa juu yake kililala ubavu kama mlevi.

"Soma tena pale mwisho."

"Hali ya shughuli yako."

"Wanataka kujua ninapata kiasi gani!"

Wakati huo huo aliingia Si Larbi, yaani Bwana Larbi. Si Larbi ni kaka yake Zuhur. Aliwahi kufanya kazi bandarini Tanja kwa miezi minane, miaka ishirini iliyopita. Tangu siku hiyo anajua kila kitu. Aliichukua barua, akaishika juu chini, akaigeuza, kisha akatikisa kichwa kama daktari.

"Mihuri miwili. Shemeji, hii si salamu."

"Ni nini?"

"Kodi."

"Imeandikwa Benki Kuu, mjomba," Hasna alisema. "Haijaandikwa kodi."

"Binti yangu, wewe chora maua. Benki Kuu ndiyo mama wa mabenki, na kodi ni mdogo wake. Wanalala chumba kimoja. Atakuja mtu kupeleleza kabla ya Alhamisi, niamini mimi. Nilikuwa bandarini."

"Sasa nifanye nini?" Bushaib aliuliza.

"Uwe maskini."

"Lini?"

"Sasa hivi!"

Basi wakaanza kuwa maskini. Walizima matanuri. Tanuri kubwa lilikuwa na tajini themanini ndani, katikati ya moto. Tajini haipendi kushtuliwa. Zilipasuka moja moja, na kila mlio ulimwingia Bushaib kwenye mbavu. Sahani nzuri za Hasna walizifunga kwenye majani makavu, wakazipeleka kwa binamu yao ng'ambo ya barabara. Walishusha kibao cha duka. Bushaib alivaa jalaba yake ya zamani, ile kanzu ya kofia aliyokuwa akipakia nayo kuni. Ilikuwa na viraka mpaka viraka vyenyewe vilikuwa na viraka.

"Umependeza," Si Larbi alimwambia. "Hata mimi nataka kukupa sadaka."

Hasna aliwatazama, akasema, "Kuna mtu mmoja katika nyumba hii ana akili, naye anashika brashi."

Jumatano mchana, Zuhur na Hasna walikwenda sokoni kununua vitu vya Ijumaa. Bushaib alikuwa anasukuma mkokoteni wa mwisho kwa binamu. Si Larbi alibaki peke yake mlangoni, akilinda umaskini.

Akaja mwanamke. Alivaa jalaba ya zambarau. Alikuwa na miwani yenye mnyororo, na faili chini ya kwapa.

"Salamu alekum. Hapa ni kwa Maalem Bushaib?"

Si Larbi alilitazama lile faili. Huyu hapa mpelelezi!

"Alekum salamu, Lalla. Ndipo hapa, au tuseme ndipo palipokuwa."

"Palipokuwa? Kwani kazi zinaendeleaje?"

"Kazi?" Si Larbi alijipangusa jicho kavu. "Kazi gani, Lalla? Tazama tanuri. Liguse. Baridi kama samaki wa jana. Mwaka mzima halijaona moto. Paka wetu alihama. Alikwenda kwa jirani bila kuaga."

"Lakini nilisikia kuna oda kutoka Agadir."

"Maneno! Shemeji yangu huyaota akiwa na njaa. Hoteli ya Agadir, hoteli ya Marrakesh, kila usiku hoteli yake. Tunamwacha aote. Ndicho chakula pekee kilichobaki."

Mwanamke alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na wana matanuri matatu?"

"Mawili yamekufa. La tatu ndilo hili, linakata roho."

"Poleni," mwanamke alisema kwa sauti ndogo. Akageuka, akashuka kilima.

Bushaib alirudi na mkokoteni mtupu. Alimkuta Si Larbi amejaa furaha.

"Nimemmaliza, shemeji! Mpelelezi wa benki amekuja na faili lake. Ameondoka karibu analia!"

"Mwanamume?"

"Mwanamke. Jalaba ya zambarau. Miwani ina mnyororo."

Bushaib aliuachia mkokoteni.

"Larbi. Alikuwa na kidoti hapa, karibu na mdomo?"

"Ee, kidoti! Umejuaje?"

"Huyo si benki. Huyo ni mama yake Anwar."

Si Larbi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu atoke bandarini, hakuna kilichotoka.

Jioni Anwar alipiga simu. Hasna alisikiliza muda mrefu. Alipokata simu, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yake alikuja kutusalimu kabla ya siku. Sasa anasema Ijumaa hawaji."

"Kwa sababu sisi ni maskini?" Zuhur aliuliza.

"Afadhali ingekuwa hivyo. Anasema umaskini si aibu, hata yeye alianza na punda mmoja. Lakini anasema baba alimwambia matanuri matatu, na nyumbani kwetu ameambiwa hakuna hata moja. Anasema mtu anayedanganya juu ya tanuri, atadanganya juu ya nini tena? Hataki mwanawe aingie kwenye nyumba ya uongo." Hasna alimgeukia mjomba wake. "Paka alihama? Mjomba, sisi hata hatuna paka!"

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, Lalla Nuzha. Alibeba kapu la nguo, na uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," Zuhur alisema.

"Jana alfajiri nilikwenda kwa dada yangu Marrakesh, leo nimerudi. Nimeanika nguo, nimezianua nyeupe! Miaka kumi na tisa sijaona nguo zangu zikiwa nyeupe. Nikasema, lazima kuna msiba."

Zuhur alimpa kiti na chai, akamweleza yote. Lalla Nuzha alicheka mpaka mnanaa ukamkwama kooni. Kisha akaona uso wa Hasna, akaacha.

"Nipeni hiyo barua. Enhe. Mnajua mimi nafanya kazi wapi?"

"Benki," Bushaib alisema.

"Benki ipi?"

Walitazamana. Miaka kumi na tisa hawakuwahi kuuliza.

"Ni hii hii. Nakaa dirishani, tawi la Benki Kuu, ule mtaa wenye duka la dawa. Maalem, ungepanda ngazi tatu tu za nyumba yangu, ungeokoa tajini themanini."

"Kwa hiyo kweli mnakula na kodi?" Si Larbi aliuliza akiwa amejificha nyuma ya birika.

"Kodi wana ofisi yao, wana mlango wao. Sisi hatukusanyi kodi, Si Larbi. Sasa nisikilizeni. Benki Kuu ni moja tu. Makao yake makuu yapo Rabat. Gavana yupo huko, na Baraza lipo huko. Mambo makubwa ya fedha ya nchi nzima, kama riba, huamuliwa na Baraza. Matawi yametawanywa mijini. Tawi si benki nyingine. Ni mkono wa benki ile ile."

"Mkono wa kuchukua," Si Larbi alisema.

"Wa kuleta! Hiyo noti mpya uliyoikunja kwenye soksi, ilifikaje Asfi? Ilitembea? Noti na sarafu huja kwenye tawi. Mabenki ya hapa mjini huchukua kwetu, na kuturudishia zilizochakaa. Sisi tunazichambua. Nzuri zinarudi sokoni, mbovu zinaondolewa."

Zuhur alisogeza kiti. "Basi mtu akitaka mkopo, anakuja kwenu?"

"Hapana, mama Hasna. Hata ukija na machozi ndoo mbili, hatukukopeshi. Sisi ni benki ya mabenki. Mkopo ni kwenye benki yako ya kawaida. Lakini noti yako ikichanika, njoo nayo dirishani kwangu nikuangalizie."

"Na meneja wenu?" Bushaib aliuliza. "Yeye ndiye sultani pale, siyo? Akitaka, anafunga mtu. Akitaka, anatoa."

"Sultani!" Lalla Nuzha alipiga goti lake. "Si Jawad akikusikia atafurahi sana, maskini. Meneja anateuliwa kutoka Rabat. Rabat wanaweza kumhamisha kesho. Madaraka yake yameandikwa. Jambo hili amua mwenyewe, jambo lile uliza kwanza. Riba hagusi. Chumba cha fedha hawezi kukifungua peke yake. Funguo ni zaidi ya mmoja, na kila ufunguo una mtu wake."

"Kwa hiyo haaminiki?" Zuhur aliuliza.

"Anaaminika. Ndiyo maana hawekwi mahali pa kushukiwa. Hata mimi ni hivyo. Ninayepokea noti ni mimi, anayehakiki ni mwingine. Na juu yetu sote wapo wakaguzi kutoka makao makuu. Hawapigi simu kwanza. Safari ya mwisho waliingia tukiwa tunagawana biskuti. Mkaguzi mmoja akasema, endeleeni. Nani angeendelea? Biskuti ilinikauka mdomoni."

Bushaib aliitikia kwa kichwa polepole. Jambo hilo alilielewa. Kwake pia, anayekanda udongo si anayechora, na anayechora si anayeuza. Ndivyo kosa linavyoonekana mapema.

"Basi mimi wananitakia nini?"

"Masikio yao ni mafupi, Maalem. Rabat ni mbali. Baraza hukutana mara chache kwa mwaka, na kila mara linaamua jambo linalotugusa sote. Litajuaje Asfi kuna nini? Gavana hawezi kupanda kilima hiki kupapasa matanuri. Kwa hiyo tawi linaita watu wa hapa. Mtu wa samaki wa kopo, mkulima, mfinyanzi. Linauliza kazi ikoje, bei zikoje, nini kinakwama. Kisha linaandika ripoti kwenda juu. Na jina lako halimo. Wanaandika, 'wafinyanzi wanasema'."

"Wafinyanzi wanasema," Bushaib alirudia. Maneno hayo yalimpendeza.

"Sasa wewe ukienda ukalia kwamba udongo umekufa, na wa samaki akalia, na mkulima akalia, ripoti itasema Asfi iko kaburini. Halafu uamuzi utakaotoka utakuwa dawa ya mgonjwa mwingine. Nenda useme kweli. Kizuri useme, kibaya useme."

"Na mimi?" Hasna aliuliza. "Ijumaa yangu?"

Lalla Nuzha aliweka glasi chini. "Hilo haliko kwenye madaraka yangu, mwanangu. Nikisema neno, Lalla Mahjuba atadhani nimetumwa. Lakini baba yako ana mdomo. Aliyesema uongo ni nyumba hii. Atakayesahihisha ni nyumba hii."

Alhamisi Bushaib alivaa jalaba yake nzuri, nyeupe yenye mistari. Zuhur alimpa tajini moja iliyosalia, yenye rangi ya bahari.

"Mpe meneja. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Mlangoni mlinzi aliitazama ile tajini, akafungua mfuniko, akachungulia ndani, akaufunga. Ndani, Si Jawad mwenyewe alikuja kumpokea. Alikuwa kijana kuliko Bushaib alivyotarajia, na tai yake ilikuwa imepinda.

"Karibu, Maalem. Chungu hiki ni kizuri mno. Na siwezi kukichukua."

"Ni chungu tu, Si Jawad!"

"Nikichukua chungu leo, kesho nitachukua punda. Sheria inanibana mimi kama inavyombana anayefagia."

Kwa hiyo Bushaib aliketi kikaoni na tajini mapajani, kama mtu aliyebeba mtoto. Kulikuwa na watu saba mezani. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Kisha mlango ulifunguliwa, na ikaingia jalaba ya zambarau.

Lalla Mahjuba alikuwa ameitwa pia, kwa ajili ya kapari. Aliketi. Alimtazama Bushaib, akatazama tajini, akafungua faili lake.

Si Jawad alianza na mwenye kiwanda cha samaki, mtu mnene mwenye pete mbili.

"Hali mbaya," mtu wa samaki aliomboleza. "Mbaya, mbaya. Bahari imekauka."

Si Jawad aliandika. Kisha akainua kichwa.

"Na wafinyanzi, Maalem? Hali ya kazi ikoje?"

Bushaib angeweza kusema neno moja na kunyamaza. Si Larbi alikuwa amemfundisha neno hilo: "Tunajikongoja." Halimdhuru mtu. Lakini mbele yake aliona miwani yenye mnyororo, na nyuma ya miwani aliona macho mekundu ya Hasna.

"Si Jawad, kabla ya hali ya kazi, naomba nieleze hali ya akili yangu."

Watu waligeuka.

"Kazi ni nzuri. Nina matanuri matatu. Tangu majira ya kuchipua yanawaka yote. Nina oda ya tajini mia nne kutoka Agadir, na karatasi yake ipo. Lakini tangu Jumatatu hakuna moshi kwangu. Nilipata barua yenu nikadhani ni kodi. Nikazima moto, nikapasua tajini themanini kwa mkono wangu. Nikaficha sahani. Nikavaa matambara. Na akaja mgeni wangu wa heshima, mtu niliyekuwa namngoja kwa hamu, akaambiwa uongo mlangoni kwangu. Uongo ule haukutoka mdomoni mwangu, lakini mimi ndiye niliyeufungulia nyumba. Ningependa ripoti yenu iandike hivyo. Wafinyanzi wanasema, mmoja wao ni mjinga."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Si Jawad alicheka mpaka tai ikanyooka. Lalla Mahjuba peke yake hakucheka. Alikuwa amefunika mdomo kwa faili.

Mtu wa samaki aliinua mkono wenye pete.

"Samahani, Si Jawad. Mimi naomba nirudie yangu. Bahari haijakauka yote."

"Imekauka kiasi gani?"

"Imekauka... Jumapili tu."

Kicheko kikaanza upya. Si Jawad alifuta mstari, akaandika mwingine. "Sasa tunafanya kazi," alisema. "Maalem, na kibaya ni kipi?"

"Chenji," Bushaib alisema mara moja. "Mtu ananunua bakuli la dirhamu saba. Anatoa noti ya ishirini. Sina sarafu za kutosha. Namrudishia dirhamu sita na bakuli la pili ambalo hakuliomba. Kuna mama mmoja ana mabakuli kumi na tisa. Sasa akiniona anavuka barabara."

"Ni kweli," ilisema sauti ya mbele yake. Lalla Mahjuba alikuwa ameshusha faili. "Sokoni kwetu ni hivyo hivyo. Sisi tunarudishiwa malimau. Nina malimau ya kuogea."

Bushaib alimtazama. Naye Lalla Mahjuba alimtazama kidogo, kisha akatazama kalamu yake.

"Sarafu zipo," Si Jawad alisema, "lakini nyingi zimelala kwenye makopo majumbani. Zinazotoka hazirudi upesi. Fanyeni hivi. Chama chenu cha wafinyanzi kiiandikie benki yake. Mseme mnahitaji sarafu zipi, na kiasi gani kila wiki. Wakulima nao vivyo hivyo. Benki zenu zitaomba kwetu, nasi tutazipa."

"Wewe huwezi kuamuru tu?"

"Mimi naweza kuamuru chai, Maalem. Kilicho ndani ya madaraka yangu nitakifanya leo. Kilicho nje nitakiandikia Rabat leo. Nitawaambia mkoa huu unataka sarafu ndogo zaidi."

Chai ililetwa. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Baada ya kikao, Bushaib alisimama kwenye ngazi za nje na tajini yake. Lalla Mahjuba alitoka, akasimama ngazi moja juu yake.

"Yule wa mlangoni kwako ni nani?"

"Shemeji yangu, Larbi."

"Ana kipaji. Nililia mpaka kwenye teksi. Niliwaza habari za yule paka usiku kucha."

"Hatuna paka, Lalla."

"Nilidhani hivyo." Alishuka ngazi ile moja. "Maalem, mbele ya wale watu ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Halafu binti yangu angenitazama kila siku."

Lalla Mahjuba alivua miwani. "Nikwambie jambo, na usimwambie yeyote. Barua kama hiyo ilikuja kwangu mwaka jana. Nilificha mapipa kumi na mawili ya kapari kwenye zizi la jirani. Mbuzi wakayafungua. Chumvi yote ile! Mbuzi walikunywa maji juma zima. Kisima kilishuka."

Bushaib alijaribu kutocheka. Alishindwa. Mfuniko wa tajini uligonga chungu, kwa-kwa-kwa.

"Kwa hiyo Ijumaa mnakuja?"

"Kesho hapana. Nitakuja siku unapofungua tanuri. Safari hii nataka kuona kwa macho yangu, si kwa mdomo wa Si Larbi."

Tangu jioni ile, kilima hakikulala usiku wala mchana. Bushaib alifinyanga tajini mpya. Si Larbi alipewa kazi ya kukanda udongo kwa miguu, kutwa nzima, bila kuongea. Zuhur alirudisha kibao cha duka. Hasna aliandika barua ya chama cha wafinyanzi. Aliandika vizuri: sarafu za dirhamu moja, mbili na tano, kiasi fulani kila wiki. Mwenyekiti wa chama aliipeleka benki yao. Siku ya nane, msichana wa benki alimkabidhi vifurushi vya sarafu, vimefungwa kwa karatasi. Lalla Nuzha alisema vilipita mikononi mwake.

"Nilivisindikiza kwa macho," alisema.

Siku hiyo mteja wa kwanza wa Zuhur alinunua bakuli la dirhamu saba na noti ya ishirini. Alirudishiwa dirhamu kumi na tatu kamili. Alizitazama sarafu kiganjani, akauliza kama kuna sikukuu.

Na moshi ulipanda. Nguo za Lalla Nuzha zikawa za kijivu. Alilalamika kwa sauti kubwa, na uso wake ukicheka.

Siku ya kufungua tanuri ilikuwa Ijumaa. Watu wa Anwar walikuja na masanduku ya sukari na hina, wamevaa nguo za sherehe. Walipelekwa moja kwa moja uani, kabla hata ya kukaa. Bushaib alibomoa tofali za mlango wa tanuri. Joto lilitoka kama pumzi ya ng'ombe. Ndani, tajini zilikuwa zimepangwa mpaka juu, nyekundu, nzima.

Lalla Mahjuba alichukua moja kwa kitambaa. Aliigonga kwa kifundo cha kidole. Ililia vizuri, mlio mrefu. Akagonga ya pili. Akagonga ya tatu.

"Mama, utazigonga zote?" Anwar aliuliza.

"Wewe ni mwalimu wa hesabu, hesabu. Mimi nagonga."

Lakini Anwar hakuhesabu. Alivua koti lake jipya, akampa Hasna, akainama, akaingia tanurini kusaidia kutoa vyungu. Alitoka na masizi mpaka kwenye masikio. Alibeba tajini nne na alikuwa ameungua kidole. Hasna alimpa maji ya baridi, akamwambia masikio yake yana nafasi kubwa ya kushika masizi kuliko ya watu wengine. Anwar alisema anashukuru.

"Huyu atafaa," Zuhur alimnong'oneza mumewe.

Lalla Mahjuba aliweka chini tajini ya mwisho. Alijifuta mikono.

"Maalem Bushaib, nimeona. Mimi na mwanangu tumekuja kumwomba binti yako."

Bushaib alifungua mdomo, lakini machozi yalimtangulia, akaweza kuitikia kwa kichwa tu. Si Larbi, miguu yake ikiwa bado na udongo mpaka magotini, aliona nafasi. Alikohoa, akapiga hatua mbele.

"Kwa niaba ya familia," alianza, "nilipokuwa bandarini..."

"Nyamaza!" zikasema familia mbili kwa sauti moja.

Na pale pale, mbele ya tanuri lililo moto, mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa.